Sweta la Mama Kavira na Dawa Niliyokataa Kuirudisha

Nimestaafu. Wenzangu wa ofisi kuu ya zone yetu ya afya waliniandalia sherehe nzuri ya kuniaga: viti, soda, kuku na hotuba. Hotuba ilisomwa na kijana ambaye simlaumu, kwa sababu alipewa karatasi naye akaisoma. Ilisema kwamba nilikuwa msimamizi mwaminifu na mtiifu siku zote. Mwaminifu, nakubali. Mtiifu siku zote si kweli, na kwa kuwa nimeimaliza miaka yangu ya kazi nikisahihisha ripoti za watu wengine, sitaiacha ripoti yangu mwenyewe ipite na kosa.

Nawaandikia ninyi wauguzi mliobaki, hasa mnaohudumia watu wanaopanda na kuteremka kati ya Butembo na ziwa. Nimesikia kwamba kuna vituo ambapo mgonjwa anayetumia dawa ya huzuni, akisema anateremka Kyavinyonge kununua samaki, huambiwa achague: dawa au ziwa. Mnaambiwa huo ndio utaratibu. Nitaeleza utaratibu huo ulikozaliwa, kwa nini niliupinga nikiwa kazini, na kwa nini ninaendelea kuupinga nikiwa nimekaa katika kiti mlichonizawadia siku ya kuniaga.

Nilianza kazi katika kituo kidogo cha Mulekera, huko Beni. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi hadi mifukoni. Muuguzi mkuu wa kituo, Papa Muhindo, alinitazama tangu kola hadi viatu.

"We mutoto," akasema, "hii koti njo itatumika kazi ao ni weye?"

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walicheka, na mimi nilitamani pikipiki yoyote inipeleke kwetu. Kisha akanikabidhi kipimajoto cha zebaki, alichokitunza ndani ya kasha la kalamu. Mkulima mmoja mwenye homa alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Nilikimbilia kukiweka kipimajoto kwapani mwake, Papa Muhindo akanishika kiganja.

"Mukono kwanza. Kipimo haidanganyake, lakini haisemake mingi. Mukono inasema mingi. Tia mukono mu kwapa. Iko namna gani?"

"Imelowana, Papa."

"Muzuri. Beni iko na joto, na homa iko na maji yake. Siku utakuta mutu anachoma sawa moto na kwapa iko kavu, usikimbilie dawa. Ujiulize kwanza: jasho yake imeenda wapi?"

Nililichukulia kuwa ni swali la mzee anayependa kusikika. Alikuwa nalo kwa sababu alikwisha kuwaona wachoma makaa na wapasua mbao wakiletwa mchana, wakiwa wameanguka kwa jua, na akawaona wengine wakizikwa kwa jina la malaria. Sikujua hayo siku ile. Nilijua tu kwamba koti langu jeupe lilikuwa limelowana mgongoni, na kwamba mzee alikuwa ameliona.

Baadaye nilihamishiwa Butembo. Habari za vyeo naziacha. Anayezitaka ataziona kwenye faili. Jambo la maana ni baridi. Aliyezaliwa Butembo hatambui kwamba anavaa sana. Mama wa sokoni huvaa kitenge, blauzi, kitenge kingine begani, na juu ya vyote sweta zito la mitumba, ambalo sisi tunaliita triko. Nami nilipewa pikipiki, koti la mvua na kazi ya kuzunguka vituo vyote vya zone, kuanzia vile vya kilimani penye ukungu hadi vile vya chini kandokando ya ziwa. Kwa siku moja ya kazi nilikuwa natetemeka asubuhi na kuungua adhuhuri. Ninalisema hili kwa sababu maofisa wengi waliotoa maagizo juu ya zone yetu walikuwa wameijua ghorofa yake moja tu.

Kisha mauaji ya upande wa Beni yakatuletea watu waliohama. Walikuja na mizigo, na walikuja pia na ugonjwa ambao hatukuwa na rafu ya kuuweka. Hapo ndipo tulipopelekwa mafunzoni na kupokea karto, yaani maboksi, za amitriptilini. Watu wakaiita "dawa ya wazimu" kabla hata hatujafungua karto ya kwanza, na wauguzi wengine, nasema kwa aibu yao, wakaiita hivyo hivyo. Ilikuwa dawa ya huzuni iliyokataa kuondoka. Karatasi ya mafunzo ilitaja kinywa kukauka, choo kuwa kigumu, na usingizi. Joto halikutajwa. Sijui aliyeiandika aliishi wapi, lakini nadhani alikuwa na triko.

Mama Kavira, mmoja wa waliohama, nilimkuta kwa wifi yake, Mama Soki, katika mtaa mmoja wa Butembo. Mume wake na watoto wake wa kiume waliuawa shambani. Yeye alikuwa amekwenda kisimani.

"Papa, ona," Mama Soki aliniambia mlangoni. "Tangu asubuyi eko anaangalia ukuta. Jana, ukuta. Juzi, ukuta. Na ukuta haina hata kalenda."

Niliketi kando ya Mama Kavira nikautazama ukuta pamoja naye. Kweli haukuwa na kitu. Hakunijibu lolote siku hiyo, wala ziara iliyofuata. Daktari alimpima, akamwandikia dawa, nami nikamweleza Mama Soki mbele ya mgonjwa mwenyewe kwamba dawa hii haina haraka, kwamba kinywa kitakauka kabla moyo haujapata nafuu, na kwamba wasiiache njiani. Wazee wa kanisa lao walikuja wakapendekeza mfungo. Niliwaambia waombe wanavyoweza, ila mgonjwa ale na anywe. Walinitazama kama mtu aliyeukatisha utenzi katikati ya ubeti.

Siku moja Mama Soki aliingia ofisini mwangu akilia kiasi kwamba niliinuka, nikidhani kuna msiba.

"Papa, amenitukana!"

"Nani?"

"Kavira! Alionja maharagi yangu, akasema: Soki, hii chumvi ni ya batu ao ya samaki ya makayabu?" Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Amenitukana sawa zamani. Wasingya, Papa. Aksanti."

Ndugu zangu, katika miaka yangu yote sikupata cheti kingine kilichonifurahisha kama tusi hilo.

Tangu hapo Mama Kavira alisimama. Aliungana na Mama Soki katika biashara ya samaki: kuteremka Kyavinyonge, kununua tilapia, kuwapasua, kuwatia chumvi, kuwaanika, kisha kuwapandisha soko la Butembo. Alipokuja kuchukua vidonge vyake aliniambia akicheka, "Papa, hata mu kilima sitokake tena jasho. Triko yangu inabakia safi sawa ya harusi." Tukacheka sote.

Sasa ni lazima nieleze desturi ambayo asiyekuwa mfanyabiashara wa Butembo hataielewa. Mama anayeteremka ziwani hubeba mtaji wake kifuani, umefungwa ndani ya kitambaa, na juu yake huvaa triko. Barabara ina wezi na ina watu wenye bunduki. Kwa hiyo triko halivuliwi. Halivuliwi njiani wala ziwani, hata jua likiwa juu ya utosi, kwa sababu anayelivua ametangaza mahali pa fedha zake. Ongezeni jambo la pili. Sisi wenyewe, watu wa afya, tulikuwa tumehubiri kandokando ya ziwa lote kwamba maji yake yasinywewe kwa sababu ya kipindupindu. Mama Kavira alikuwa mwanamke mwenye kusikia. Hakunywa maji ya ziwa, na hakuwa na maji mengine. Kwa hiyo siku moja alisimama tangu asubuhi kwenye vichanja vya samaki, ndani ya triko, bila maji, huku akitumia dawa inayofunga jasho.

Nilikuwa huko chini siku hiyo kwa ziara yangu ya kawaida. Ilikuwa saa ambazo hata mbwa wa Kyavinyonge hulala katika kivuli cha mitumbwi. Nilisikia kelele, kisha nikamwona Mama Soki akinikimbilia bila viatu. Walikuwa wamemlaza Mama Kavira katika chumba cha mtu mmoja aliyekuwa akiuza dawa, mtu ambaye hakuwa wa zone wala wa shule yoyote ninayoijua. Alikuwa mkekani, triko mwilini, rundo la mablanketi juu yake. Alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo.

"Ni malaria ya kichwa, Papa Superviseur," mwenye chumba akasema kwa uhakika. "Inapaswa atoke jasho."

Niliingiza mkono kwapani. Palikuwa pakavu kama karatasi, na moto kama sufuria.

"Na jasho yake imeenda wapi?" nikauliza.

"Haiko! Njo maana niliongeza bulangeti."

Mchuuzi mmoja aliyesimama mlangoni akadakia: "Hapana malaria. Ni ile wazimu yake inarudia. Mutu anakula dawa ya wazimu, wazimu itakosa kumufuata?"

Niliyavuta mablanketi yote nikayatupa nje. Kisha nikawaita akina mama wafanye ukuta kwa vitenge vyao, nikamwambia Mama Soki amvue triko. Akakataa.

"Papa, hapana! Mali yetu yote iko mu ndani!"

"Mama Soki, mali yenu iko inamupika!"

Alinitazama, akamtazama wifi yake, akalivua triko pamoja na kitambaa cha fedha, akaviweka chini na kuvikalia. Hata tulipotoka nje alivibeba, akavikalia tena hadi mwisho. Tulimhamishia Mama Kavira kivulini, upande ambao upepo wa ziwa hupita. Nikaagiza ndoo.

"Maji ya ziwa?" mama mmoja akashangaa. "Papa, si ni weye ulitukataza hii maji?"

"Nilikataza kuinywa, Mama. Kuivaa sikukataza."

Wakaleta. Tulimvika vitenge vilivyolowana, shingoni, kwapani, kwenye mapaja, tukavibadilisha kila vilipopata joto, huku wachuuzi wawili wakipepea kwa vifuniko vya makreti ya samaki. Kipimajoto nilikitumia baada ya mkono, kama nilivyofundishwa, na zebaki yake ilikuwa imepanda mahali ambapo sikuwahi kuiona ikipanda. Kipimo cha malaria kilisema hapana. Mwenye chumba alisema kipimo kimeharibika. Nilimwambia akae kimya au abebe ndoo, akabeba ndoo. Namtolea ushahidi huo kwa haki.

Hatimaye Mama Kavira alifumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akapapasa kifua chake.

"Triko yangu iko wapi?"

"Nayikalia," akajibu Mama Soki, machozi yakimtiririka.

"Ukisha kuyikalia, ukuye uniambie samaki imegeuzwa ao bado."

Tulimnywesha maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, baada tu ya kuhakikisha anameza vizuri, kisha tukampandisha hospitali kwa gari la samaki. Daktari wa hospitali alimsimamishia dawa mpaka apone. Hilo lilikuwa sahihi, na katika hali kama hiyo nanyi mtafanya vivyo hivyo.

Lililofuata halikuwa sahihi. Daktari mkuu wa zone, mtu msomi na mwenye nia njema, alitoa agizo: amitriptilini yote iondolewe vituoni, irudishwe ofisi kuu, na mbebaji awe mimi. Mama Kavira aliporudi nyumbani, hakurudishiwa vidonge vyake.

Haukupita muda mrefu, Mama Soki akaingia tena ofisini. Safari hii hakulia. Alisimama tu.

"Papa, amerudia ku ukuta."

Nilikwenda. Alikuwa ameketi mahali pale pale, triko mabegani, na maharagi ya Mama Soki hayakuguswa. Niliketi kando yake kama mwanzo. Akasema bila kugeuka: "Papa, muliniokoa mu jua juu ya kunirudisha hapa?"

Niliondoka nikaenda kumwona daktari mkuu.

Alikuwa na hoja, na nitaziandika kama alivyozisema, maana sipendi ushindi wa kupunguza maneno ya mwenzangu. Alisema dawa hii kweli inazuia jasho. Alisema wauguzi wetu ni wachache na hawawezi kumfuata kila mgonjwa hadi ziwani. Alisema mtu akifa mchana mbele ya soko zima, watu wataukimbia hata mpango wa chanjo. Yote yalikuwa kweli. Kisha akauliza: "Makarto iko wapi? Nilikupatia agizo mwezi uliopita."

"Iko mahali pake, Docteur. Mu vituo."

"Unakatala agizo?"

"Mimi sikatale Docteur. Nakatala tu kubeba."

Katibu aliacha kupiga chapa. Daktari akavua miwani.

"Papa, mutu mwingine akianguka kwa jua, kosa itaandikwa kwa jina lako."

"Iandikwe, Docteur. Jina langu munalijua, na herufi zake zote. Lakini yule anayekufa akiangalia ukuta, kosa yake itaandikwa kwa jina la nani?"

Nilimwomba jambo moja: aje nami amwone mgonjwa. Alikuja, na hilo ni la heshima yake. Aliinama mbele ya Mama Kavira akamwambia kwa upole kwamba dawa ile ilikaribia kumuua. Mama Kavira aliuacha ukuta kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akamgeukia.

"Docta, mimi nilikufa mbele ya dawa kufika, hapana kisha. Mutu wa kufa haogopake jua. Unirudishie dawa, na uniambie namna ya kuvaa."

Tuliporudi ofisini, daktari alimwandikia Mama Kavira dawa tena, kwa kipimo kidogo cha kuanzia. Agizo la vituo hakulifuta. Alisema atalifikiria. Nami nikapanda pikipiki nikaenda kwenye vituo vyote, nikapita karibu na karto zote bila kuzigusa, na mahali pa kuzibeba nikawafundisha wauguzi.

Niliyowafundisha ndiyo ninayowaandikia. Msiishie kumuuliza mgonjwa anakaa wapi. Muulizeni jua linamkuta wapi. Mwambieni kwamba kutotoka jasho si usafi, ni ishara, na aje kuwaona. Ukimkataza mtu maji ya ziwa, mwonyeshe kwanza maji gani atakunywa, na abebe bidoni, yaani dumu, ya maji yaliyochemshwa kutoka nyumbani. Anayeanguka juani huku akichanganyikiwa, mvueni, mlowesheni, mpepeeni, mpelekeni hospitali. Mablanketi yabaki kwa wanaolala Butembo. Malaria mpimeni pia, maana jua halizuii mbu. Na asiyeweza kuvumilia dawa hii apelekwe kwa daktari apewe nyingine, ila asiachwe mikono mitupu kwa kisingizio kwamba tunamlinda.

Kuhusu triko, sikuwa na dawa. Akina mama waliipata wenyewe. Mama Soki alishona mkanda mwembamba wa kitambaa, unaofungwa kiunoni chini ya kitenge cha ndani, ambapo hata mwenye bunduki angeona haya kutafuta. Wa kwanza kuuvaa alikuwa Mama Kavira, wa pili mshonaji mwenyewe, na baada ya hapo niliacha kuwahesabu.

Basi, ili kumbukumbu zikae sawa: agizo la kuirudisha dawa, kwa kadiri ninavyojua, halijafutwa hadi leo. Halikutekelezwa pia. Aliyelizuia ni mimi, na nikirudishwa kazini kesho asubuhi nitalizuia tena kabla ya chai. Mkiambiwa kwamba ni dawa au ziwa, jibuni kwamba mnamjua mwanamke anayetumia vyote viwili, na mumuulize aliyewaambia kama yeye amewahi kuteremka barabara ile.

Mimi niliteremka hivi karibuni, si kwa ziara, bali kwa hamu ya tilapia. Katikati ya mteremko kuna mahali ambapo ukungu unaisha, na madereva husimama kuangalia breki kabla ya joto la chini. Lori la wachuuzi lilikuwa limesimama mbele yetu. Mama Kavira alikuwa juu ya magunia ya chumvi, bidoni ya maji kati ya miguu, na aliponiona hakunisalimu kwanza. Aliwageukia wenzake akapaza sauti:

"Bamama! Baridi imeishia hapa. Toeni triko!"

Dereva akalalamika kwamba anacheleweshwa.

"Weye angalia breki yako," akamjibu. "Sisi tunaangalia yetu."

Matriko yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, mekundu, ya kijani, yaliyofumuka mikono, yakafungwa kwenye vyuma vya ubavu wa lori. Kisha lori likateremka kuelekea ziwani, matriko yakipepea nje, na wenyewe ndani, mikono wazi, wakibishana bei ya samaki.